Ziwani Kiangazi Kinapoaga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

## Kabla ya kutoka

1. Msimu unaozungumziwa hapa ni upi hasa?

Ni zile wiki sita hadi nane ambapo kiangazi kinafungasha na majani yanaanza kubadilika rangi. Katika nusu ya kaskazini ya dunia ni kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi katikati ya Oktoba. Katika nusu ya kusini ni kuanzia mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Aprili. Kalenda huweka mpaka kwenye siku ambayo mchana na usiku hukaribia kulingana, kwa kawaida tarehe 22 au 23 Septemba kwa kaskazini, na 20 au 21 Machi kwa kusini. Ziwa lina kalenda yake, kama swali la 2 linavyoeleza.

Kuhusu neno: kwa wasomaji wengi "vuli" ni mvua fupi za mwisho wa mwaka. Kwa hiyo hapa tunasema mapukutiko, yaani majira ya majani kupukutika. Miezi itakayotajwa ni ya kaskazini. Aliye kusini aongeze miezi sita.

2. Mbona asubuhi hewa ni baridi lakini maji bado yana uvuguvugu?

Maji hupata joto polepole na kulipoteza polepole. Kupasha kilo moja ya maji kunahitaji joto karibu mara nne ya lile linalotosha kilo moja ya hewa. Ndiyo maana maji ya juu ya ziwa hufikia kilele cha joto wiki kadhaa baada ya ile siku ndefu kuliko zote za mwaka, na ziwa kubwa lenye kina huchelewa zaidi. Usiku wa Septemba hewa imeshapoa, lakini ziwa bado linakula akiba ya kiangazi.

Karibu kila jibu lililo hapa chini linatokana na kuchelewa huko: ukungu wa alfajiri, miti ya ufukweni inayobaki kijani wakati ya mbali imeshageuka, na kuogelea kunakowezekana bado. Hatari pia inatoka hapohapo. Akiba ikishaisha, hairudi kwa siku moja ya jua. Siku ya Oktoba hewa inaweza kupanda hadi nyuzi 22, watu wakavua masweta, kumbe maji yako nyuzi 11. Mwanzoni mwa msimu ziwa lina joto kuliko hewa inavyokuambia. Mwishoni lina baridi kuliko hewa inavyokuambia. Pima maji yenyewe.

3. Ni saa ngapi nzuri ya kufika ziwani?

Alfajiri, bila shaka yoyote. Fika nusu saa kabla ya jua kuchomoza.

Usiku ukiwa mtulivu na usio na mawingu, hewa baridi huteremka kutoka kwenye miinuko na kutulia juu ya maji yenye uvuguvugu. Mvuke unaotoka majini hugeuka matone madogo palepale. Ukichuchumaa karibu na maji utaona kwamba ukungu huo si shuka moja: ni nyuzi nyembamba zilizosimama wima, kila moja ikijisokota na kusogea taratibu, zikipishana bila kugusana. Jua likishapanda, huondoka ndani ya saa moja hadi tatu. Wanaofika asubuhi imekwishakucha huambulia ziwa la kawaida.

Dalili za kutafuta jioni iliyotangulia ni tatu: anga safi, upepo uliokufa, na utabiri wa usiku wenye baridi inayozidi ile ya maji kwa mbali. Mawingu mazito yakitanda au upepo ukivuma usiku, hakuna ukungu, na hakuna haja ya kujiamsha.

Baada ya alfajiri, wakati mzuri ni saa mbili za mwisho kabla ya jua kuzama. Katikati ya mchana upepo huamka, maji huchafuka na taswira ya miti majini huvunjika.

4. Giza linaingia haraka kiasi gani?

Haraka kuliko wengi wanavyokadiria. Karibu na siku ya mchana na usiku kulingana, mahali palipo kwenye latitudo ya 45 hupoteza takriban dakika 3 za mwanga kila siku. Kwenye latitudo ya 60 hupoteza karibu 6. Kwa wiki moja hiyo ni zaidi ya dakika 20 au zaidi ya 35. Aliyekulia karibu na ikweta, ambako jua huzama karibu saa ileile mwaka mzima, ndiye hunaswa kirahisi zaidi.

Hesabu inayofanya kazi: chukua muda uliobaki hadi jua kuzama, toa saa moja, gawanya kwa mbili. Zikiwa zimebaki saa nne, tembea saa moja na nusu kisha geuka, hata kama rasi inayofuata inavutia. Ile saa uliyoitoa ni ya kupumzika, kupotea kidogo na kutembea taratibu juu ya majani yaliyolowa, ambayo huteleza kama sabuni, hasa yakifunika mizizi na mbao za gati.

Siku chache zinakupa afueni. Mwezi mpevu ulio karibu zaidi na siku hiyo ya kulingana huchomoza mapema kwa jioni kadhaa mfululizo: badala ya kuchelewa wastani wa dakika 50 kila siku, katika latitudo za kati huchelewa takriban nusu saa tu. Kuutazama ukitoka ng'ambo ya maji ni sababu tosha ya kubaki, mradi tochi ya kichwani iwe na betri mpya.

## Mavazi na mzigo

5. Nivae nini siku inayoanza na nyuzi 5 na kuishia na 20?

Vaa tabaka tatu nyembamba badala ya koti moja zito. Inayogusa ngozi iwe ya sufu nyembamba au poliesta. Ya kati iwe ya kushika joto, kama sweta la sufu. Ya juu iwe ya kuzuia upepo na mvua, na hiyo ibebwe hata anga likiwa jeupe.

Pamba iache nyumbani, pamoja na jinzi. Pamba ikilowa hushika maji na kuacha kukinga joto, na ziwani kulowa hakuhitaji mvua: umande wa asubuhi peke yake unalowesha suruali hadi magotini ndani ya dakika kumi za kupita kwenye majani marefu.

Kosa la pili ni kuanza safari ukiwa umejifunika vizuri. Ukianza na ubaridi kidogo, mwili utapata joto baada ya dakika kumi. Ukianza na joto, utatoka jasho, kisha utasimama kutazama ndege na jasho hilo litakupoza. Lile tabaka la ziada ni la kusimama. Livae unaposimama, lisubiri mgongoni unapotembea.

6. Vitu gani husahaulika zaidi?

Soksi kavu, kwenye mfuko usiopitisha maji. Kipande cha godoro jembamba la kukalia, maana jiwe na ardhi vinakunyonya joto. Chupa ya chai iliyojaa kinywaji cha moto. Tochi. Kipimajoto kidogo cha maji chenye kamba ya mita 2. Kibano cha kupe (swali la 15). Simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, kwa sababu betri hushuka haraka kwenye baridi.

## Ndani na juu ya maji

7. Bado naweza kuogelea?

Mwanzoni mwa msimu, ndiyo, na kwa wengi ndio uogeleaji bora wa mwaka: maji yametulia na watu wamepungua. Lakini pima joto mahali unapoogelea, si kwenye kina cha kifundo cha mguu ambako jua limepasha mchanga. Tumbukiza kipimajoto hadi mita 1, subiri dakika mbili, kisha soma.

Zaidi ya nyuzi 20, ogelea kama kawaida. Kati ya 15 na 20, ingia taratibu, kaa muda mfupi, baki sambamba na ufuko. Chini ya 15, mshtuko wa baridi unakuwa jambo zito, na asiyezoea asiingie peke yake wala kwa kuruka. Mwenye ugonjwa wa moyo au presha amuulize daktari kwanza.

Usiutegemee usomaji wa jana. Upepo mkali unaovuma kutoka nchi kavu kuelekea ziwani husukuma maji ya juu yenye joto hadi ng'ambo, na maji baridi ya chini hupanda kujaza nafasi. Ufuko uliokuwa mzuri Jumamosi unaweza kuwa baridi kali Jumapili huku jua likiwaka vilevile.

8. Nikianguka kwenye maji baridi ghafla nifanye nini?

Usijaribu kuogelea mara moja. Maji huondoa joto la mwili takriban mara 25 kwa kasi kuliko hewa tulivu, na ngozi ikishtuka mapafu huvuta pumzi kwa nguvu bila ridhaa yako. Pumzi hiyo ikivutwa uso ukiwa chini ya maji, unazama. Wengi wanaokufa hufia hapa, kabla mwili haujapoa.

Lala chali, inua kidevu, tandaza mikono, acha mwili uelee. Subiri sekunde 60 hadi 90 pumzi itulie. Kisha amua.

Waokoaji hukumbuka namba 1-10-1: dakika 1 ya kutawala pumzi, kama dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii, na kama saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Ni makadirio ya maji baridi sana, lakini mpangilio wake ni wa kweli. Hizo dakika kumi zitumie kurudi ndani ya chombo au kukipanda kikiwa kimepinduka. Ufuko unaoonekana karibu mara nyingi hauko karibu. Usipoweza kutoka, kumbatia magoti kifuani na utulie, jambo linalowezekana tu ukiwa umevaa jaketi la kuokolea maisha (swali la 9).

9. Kwenye mtumbwi au kayaki, lazima jaketi la kuokolea maisha hata kama najua kuogelea?

Lazima, na liwe limefungwa mwilini. Lililokaa chini ya kiti ni mzigo tu: ndani ya dakika chache vidole vilivyokufa ganzi haviwezi kufunga kifungo. Jaketi la nyutoni 50 (kipimo cha nguvu ya kukuelesha) linafaa kwa mwogeleaji karibu na ufuko. La nyutoni 100 au zaidi limeundwa kusaidia kugeuza uso juu kwenye maji tulivu. Jaribu ukubwa hivi: lifunge, mtu alivute juu kwa kushika mabegani. Likifika masikioni, ni kubwa au halijakazwa.

Vaa kwa kufuata maji, si hewa. Pita kandokando ya ufuko badala ya kukata katikati, na anza safari dhidi ya upepo ili wakati wa kurudi, ukiwa umechoka, ukusukume.

10. Mwenzangu ametoka majini anatetemeka. Nimsaidieje?

Mtoe kwenye upepo kwanza. Vua nguo mbichi, mkaushe kwa kumgusagusa, mvalishe kavu kuanzia kifuani, funika kichwa, mkalishe juu ya kitu kinachomtenga na ardhi. Akiwa macho na anameza vizuri, mpe kinywaji cha moto chenye sukari. Usimpe pombe. Usimsugue mikono na miguu, wala usimkimbize kwenye maji ya moto. Mwili huendelea kupoa kwa dakika kadhaa baada ya kutoka, hivyo anaweza kuonekana nafuu kisha akazidiwa; asiendeshe gari kwanza.

Kutetemeka ni dalili nzuri. Kukikoma huku bado ana baridi, akaanza kuongea kama mlevi au kujikwaa, ni dharura. Mlaze, msogeze kwa upole sana, ita msaada.

11. Maji yamekuwa kijani. Ni hatari?

Yanaweza kuwa. Mwishoni mwa kiangazi, maji yenye joto, utulivu na mbolea iliyotiririka kutoka mashambani hukuza sianobakteria, yaani bakteria wanaofanana na mwani, na baadhi yake hutoa sumu inayodhuru ini au neva. Kuchemsha maji hakuondoi sumu hiyo.

Chukua fimbo ndefu, itumbukize kwenye kijani, inyanyue. Ikitoka na nyuzi zinazoning'inia kama nywele zilizolowa, huenda ni mwani wa kawaida. Ikitoka kama imechovywa kwenye rangi ya ukutani, kijani au buluu iliyoganda juu ya mti, kaa mbali. Ukiona vijani vidogo vyenye vimizizi vinavyoning'inia, huo ni mmea unaoelea tu. Jaribio hili linakupa sababu ya kuogopa. Halikupi kibali cha kuogelea. Penye shaka, usiingie.

Upepo hukusanya utando huo upande unakoelekea, kwa hiyo ng'ambo ya ziwa panaweza kuwa safi. Mbwa ndio huumia zaidi: hunywa, kisha hulamba manyoya. Aliyeingia aoshwe kwa maji safi papo hapo.

12. Ziwa lilikuwa safi, ghafla limekuwa na tope na harufu ya mayai viza. Kuna aliyelichafua?

Huenda hakuna. Kiangazi ziwa lenye kina hujipanga kwa tabaka: maji mepesi yenye joto juu, mazito ya baridi chini, na kati yake mpaka unaozuia yasichanganyike. Chini, oksijeni huisha na gesi zenye harufu hujikusanya. Mapukutiko yakifika, maji ya juu hupoa, huwa mazito na kuzama, mpaka siku ambayo joto limekaribia kulingana juu na chini. Hapo upepo mmoja mzuri unatosha kuligeuza ziwa zima.

Harufu hudumu siku chache, pengine wiki moja au mbili. Ni jambo jema: hewa inafika chini kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Maziwa yenye kina kirefu ya tropiki hayana bahati hiyo. Maji ya chini kabisa ya Ziwa Tanganyika hayachanganyiki na ya juu, na hayana oksijeni mwaka mzima. Lakini samaki wengi wakionekana wamekufa, toa taarifa kwa wasimamizi.

## Miti, ndege na wadudu

13. Rangi za majani zinatoka wapi, na kwa nini mwaka mwingine hufifia?

Njano na rangi ya chungwa zilikuwamo tangu mwanzo, zimefunikwa na umbijani, ile rangi ya kijani ya majani. Siku zikifupika mti huacha kutengeneza umbijani, ule uliopo huvunjika, na njano hujitokeza. Nyekundu ni tofauti: miti kama mepo huitengeneza upya kutokana na sukari iliyonaswa jani linapoanza kuzibwa shinani. Kwa hiyo nyekundu kali huhitaji siku za jua na usiku wa baridi isiyofikia kuganda. Mawingu ya wiki nzima huifubaza. Dhoruba moja humaliza kila kitu.

Miti ya kando ya ziwa kubwa huchelewa kugeuka kwa sababu ya lile joto la swali la 2. Kwenye mabonde yenye vinamasi hewa baridi hutuama na rangi huanza mapema. Anza msimu kwenye vinamasi, umalizie ufukweni, na utaongeza wiki mbili za kutazama.

Kwa picha, taswira ya mti majini huwa na giza kuliko mti wenyewe. Pima mwanga kwenye anga au majani yanayong'aa, si kwenye maji, la sivyo rangi zitaungua na kuwa nyeupe.

14. Ndege gani wa kutazama, na je, niwape mkate?

Mbayuwayu hukusanyika kwa makundi makubwa jioni na kulala kwenye matete kabla ya kuondoka kuelekea kusini. Kaa upande ambao jua linazamia nyuma ya matete. Baadaye hupita mabata bukini kwa mstari wa V. Bata dume mwezi Agosti anaweza kufanana na jike, kwa kuwa amepukutisha manyoya yake ya fahari. Kufikia Oktoba huwa ameyarudisha.

Mkate, hapana. Unashibisha bila kulisha, unaobaki huoza na kurutubisha ule mwani wa swali la 11. Ndege wakiinua vichwa na kuacha kula, umekaribia mno: rudi nyuma. Wanaohama wanahitaji kila chembe ya mafuta.

15. Kupe si wadudu wa kiangazi?

Hapana. Aina kadhaa huendelea kutafuta damu hadi baridi ikaribie kuganda, na baadhi hupamba moto upya mapukutiko. Hukaa kwenye ncha za majani na vichaka, wakinyoosha miguu ya mbele. Ingiza suruali ndani ya soksi, na ukirudi kagua nyuma ya magoti, kinena, kitovu, kwapani, nyuma ya masikio na nywele za watoto.

Ukimkuta amejipachika, mshike kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi, si kwenye tumbo. Vuta moja kwa moja juu, kwa nguvu ya taratibu isiyobadilika, bila kuzungusha. Ngozi itainuka kidogo, kisha ataachia. Usimpake mafuta wala kumchoma: akisumbuliwa anaweza kutapika ndani ya jeraha. Osha, andika tarehe. Wekundu unaotanuka ndani ya siku 3 hadi 30, au homa, ni sababu ya kumwona daktari.

16. Nyigu wanatuzingira kila tukifungua chakula. Kwa nini sasa?

Kiangazi mabuu kwenye kiota huwapa nyigu vibarua umajimaji mtamu. Mabuu yakiisha, vibarua hubaki na njaa ya sukari. Funika vitu vitamu, na angalia ndani ya kopo kabla ya kunywa.

17. Naweza kuchuma uyoga ninaoukuta?

Kama huna mtu mzoefu wa uyoga wa eneo hilohilo, utazame tu. Aina iitwayo Amanita phalloides, inayosababisha vifo vingi zaidi vya uyoga duniani, ina ladha isiyotisha, sumu yake haiishi kwa kupikwa, na dalili huchelewa kwa saa 6 au zaidi. Kufanana na uyoga wa kwenu si ushahidi.

## Hali zisizo za kawaida

18. Radi ikinguruma nikiwa katikati ya ziwa?

Elekea ufuko ulio karibu zaidi, si pale ulipoacha gari. Hesabu sekunde kati ya mwanga na mngurumo, gawanya kwa tatu, utapata kilomita. Sekunde hizo zikiwa chini ya 30, uko hatarini. Ukifika nchi kavu ingia kwenye jengo au gari, usijikinge chini ya mti uliosimama peke yake, na subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

19. Moto na haja, vipi pasipo na choo?

Choo cha kuchimba kiwe hatua 70 au zaidi kutoka majini, kina cha sentimita 15 hadi 20, kisha fukia. Moto uwashwe tu panaporuhusiwa. Kuuzima: mwagia maji, koroga, mwagia tena, halafu weka kiganja juu ya majivu. Kama huwezi kukiacha hapo, haujazimika. Majani makavu ya msimu huu hushika cheche iliyofichwa chini saa nyingi baadaye.

20. Msituni kuna wawindaji?

Katika nchi nyingi msimu wa kuwinda huanza wakati huu. Uliza tarehe, vaa fulana ya rangi ya chungwa inayong'aa, na mvalishe mbwa pia. Paa na kulungu dume huwa wakali wakati wa kupandana; usiwasogelee hata wakionekana wametulia.

21. Nimekuta ganda jembamba la barafu asubuhi. Linabeba mtu?

Halibebi. Ganda la kwanza hutokea ghubani na kwenye kina kifupi huku maji ya wazi yakiwa bado juu ya nyuzi 4. Kutembea kunahitaji angalau sentimita 10 za barafu ngumu inayoonyesha hadi chini, na msimu huu haifiki huko. Waambie watoto kabla hamjashuka garini. Kisha okoteni vijiwe, mvirushe viserereke juu ya ganda, msikilize: barafu nyembamba hulia kama waya uliokazwa, na sauti hukimbia hadi ng'ambo.